Naombeni ushauri: bunduki moja ya kulenga shabaha na kuwinda, bajeti dola 700

Ngosha Mtulivu
Wakuu habari za jioni. Nipo Marekani, huu mwaka wa pili. Nataka bunduki moja tu ifanye kazi mbili: wikendi nikalenge shabaha, msimu ukifunguliwa niingie porini kutafuta kulungu. Bajeti dola 700, na humo iwemo darubini. Nimeangalia YouTube mpaka kichwa kinauma. Huyu anasema Ruger American, yule Savage Axis, mwingine anakwambia bila Tikka unatupa hela. Mimi nimeshaipenda inayotumia risasi saizi ya .308 kwa sababu risasi zake ziko kila duka. Nataka inayopiga pale ninapoielekeza, basi. Nina muda hadi Jumamosi.

Pilipili Kichaa
Kulungu wa watu kakukosea nini mkuu? Nenda buchani kama wenzako.

Kifaru Mzee
Kijana, mimi nimekuwa askari wa wanyamapori Rukwa enzi za bunduki za Brno. Ile ya .375, usipoikaza vizuri begani unalala upande mmoja wiki nzima. Kuna nyati alikuwa anasumbua mashamba ya watu, tukaanza kumfuata alfajiri, mara upepo ukageuka. Mwenzangu akaparamia mti wa miiba bila kuuangalia. Alipanda na suruali, akashuka bila. Ninachotaka kusema ni kwamba hizi bunduki za vitako vya plastiki siziamini. Tafuta Brno.

Mshumaa
Shikamoo mzee. Nyati aliishia wapi?

Kifaru Mzee
Marahaba. Aliishia zake.

Fundi Shabaha
Ngoja nimjibu mleta mada. Mimi nipo Texas, huu ndio ugonjwa wangu. Siku hizi mitutu ya bei rahisi imetengenezwa vizuri mno. Ruger American au Axis itakuwekea matundu ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100, na ikipata risasi inayoipenda inashuka mpaka inchi moja. Eneo la kumpiga kulungu, moyo na mapafu, lina upana wa kama inchi 8. Kwa hiyo Tikka ni tamu kweli, ila kwa hela yako achana nayo, tofauti yake weka kwenye darubini. Hizi darubini zinazouzwa pamoja na bunduki nyingi hazistahimili mateke ya bunduki ikifyatuka, baada ya muda alama ya kulengea inahama na wewe unailaumu bunduki.

Ukichagua Savage, chukua Axis II, hiyo ina kifyatulio cha AccuTrigger, uzito wa kukivuta unaurekebisha mwenyewe. Ila kitako chake kwa mbele ni laini. Ukikibana kwa mkono kinagusa mtutu na risasi inahama. Dukani chukua noti, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Ikikwama njiani, omba uoneshwe nyingine.

Halafu nunua boksi za risasi aina tatu tofauti. Piga tano tano, katikati ya kila aina acha mtutu upoe. Aina itakayokusanya matundu pamoja ndiyo ya bunduki hiyo, usibishane nayo hata kama ni ya bei ya chini.

Jimbo gani uko?

Ngosha Mtulivu
Asante sana mkuu. Niko Columbus, Ohio. Kwani jimbo linahusiana vipi?

Fundi Shabaha
Tena sana. Ohio kulungu hapigwi kwa .308! Ganda la .308 limebanwa shingoni. Wao wanataka ganda lililonyooka toka kitako hadi mdomoni, kipenyo cha risasi kuanzia inchi .357 mpaka .50. Shotigani ruksa, gobore ruksa. Ndiyo maana mwaka 2019 Winchester wakatoa risasi ya .350 Legend, imelenga majimbo ya namna hiyo. Ruger American Ranch ipo ya .350 Legend, Axis pia. Teke lake dogo, kijana wa miaka 12 analimudu. Ubaya wake, ukivuka yadi 200 risasi inaporomoka, kwa shabaha za mbali utaichukia. Hiyo .308 utabaki kutobolea karatasi.

Pilipili Kichaa
Gobore ruksa Marekani! Ngosha rudi kijijini ukachukue la babu.

Ngosha Mtulivu
Sasa mbona .308 tumeshaiagiza.

Wakili wa Barazani
"Tumeshaiagiza" wewe na nani?

Ngosha Mtulivu
Kuna bro mmoja tunapanga naye nyumba.

Wakili wa Barazani
Sijauliza mnapanga wapi. Dukani inaandikwa jina la nani?

Ngosha Mtulivu
La kwake. Yeye ana kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu, mimi visa yangu ya mwanafunzi, nikaona watanisumbua. Nimempa hela, anaandikisha yeye, natumia mimi. Ni mtu wa nyumbani kabisa, hawezi kunidhulumu. Na hawa wenyeji nawaona wananunuliana kila siku. Mimi nilikuja kuuliza habari za bunduki wakuu, hayo mengine tulishayamaliza.

Wakili wa Barazani
Hamjayamaliza, ndiyo kwanza mnaanza. Dukani atajaza Fomu 4473, na humo anaulizwa kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Hela ni yako, akijibu ndiyo kaidanganya serikali kuu. Tafuta kesi ya Abramski, 2014. Jamaa alikuwa polisi zamani, akamnunulia mjomba wake bastola kwa hela ya mjomba. Mjomba hana doa lolote, angeweza kununua mwenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ikasema kosa ni kosa. Mwaka 2022 wakaongeza sheria nyingine: kumnunulia mtu asiyeruhusiwa inafika hadi miaka 15 jela.

Kinachoniuma ni hiki. Mwenye visa ya mwanafunzi akiwa na leseni hai ya uwindaji ya jimbo lolote anaruhusiwa kununua mwenyewe. Anapeleka leseni, namba yake ya I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na uthibitisho wa makazi. Mlango uko wazi, wewe unapita dirishani.

Ngosha Mtulivu
Leseni inataka kozi, kozi inataka muda, na mimi nina mitihani. Punguzo la bei linaisha Jumamosi. Dola 90 siyo ndogo kwa mwanafunzi.

Mama Kubwa
Mwanangu, una mitihani na unatafuta bunduki? Ada analipa nani? Mimi wangu yuko Uturuki, mwezi wa tatu huu simu hapokei, mkimpata mtandaoni kaposti viatu. Mnatuua presha.

Mshumaa
Wakuu mnajichosha. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa tatu alikuwa anauliza bei ya bodaboda iliyotumika Kahama. Kabla ya hapo alitaka ushauri wa kufuga sungura. Leo kageuka mwanafunzi Ohio mwenye dola 700 za kuchezea. Hii chai, tena ya maziwa.

Pilipili Kichaa
Leteni vitafunwa.

Ngosha Mtulivu
Bodaboda nilikuwa namtafutia mdogo wangu, mtu akiwa nje hatumi hela nyumbani? Kama ni chai, haya sikilizeni. Jumapili tulienda uwanja wa shabaha na .308 ya rafiki yake bro. Yadi 100. Risasi tano za kwanza ningezifunika kwa kiganja. Zilizofuata zikaanza kushuka, kila moja chini ya mwenzake, ya mwisho haikugusa karatasi kabisa, ikapiga mbao ya fremu. Jioni bega jekundu, kamba ya begi siwezi kuvaa. Hayo mtu anayatunga?

Fundi Shabaha
Hayatungwi. Na hapo tatizo ni wewe. Umeanza kuuogopa mlio, unafumba macho na kusukuma bega kabla risasi haijatoka. Mtu akuchanganyie risasi bandia na za kweli bila wewe kujua mpangilio. Ikifika bandia, hakuna mlio, utauona mtutu unavyoinama wenyewe. Anza na bunduki ya risasi ndogo ya .22, CZ 457 au Savage Mark II. Risasi zake bei chee, utapiga hadi uchoke, na ukirudi kwenye kubwa mwili umeshatulia.

Wakili wa Barazani
Ngosha, futa hiyo habari ya Jumapili. Kwa visa yako, bila leseni ya uwindaji, hata kushika ya kuazima uwanjani ni kosa. Umejitetea kwa kuandika maelezo ya mtuhumiwa.

Pilipili Kichaa
Mkuu kubali tu ilikuwa chai, upone.

Ngosha Mtulivu
Nimempigia bro. Anasema bunduki imefika dukani, hajasaini bado. Je, akilipa kwa hela yake, halafu awe ananiazima?

Wakili wa Barazani
Akurudishie hela yako leo hii. Kozi, leseni, halafu ndiyo uulize .350. Kuazima tutaongea ukiwa na leseni mkononi.

Kifaru Mzee
Hilo duka halina Brno?

Mshumaa
Hela ikirudi weka picha ya muamala hapa. Bila picha tunaendelea kunywa.