Bangi ilikamatwa ikiwa kilo 40, mahakamani imefika kilo 11. Kesi imekufa?

Mwanagenzi_Jinai:
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua utunzaji wa vielelezo kwenye kesi za dawa za kulevya hapa Tanzania. Tuseme imekamatwa bangi mbichi, imetoka shambani siku hiyo hiyo, ikapimwa ikawa kilo 40. Miezi minane baadaye inaletwa mahakamani ikiwa kilo 11. Utetezi watasema imechezewa. Upande wa mashtaka ujibu nini? Na hii "mnyororo wa utunzaji wa vielelezo" kila hukumu inaitaja, ila natafuta maelezo ya vitendo: nani anaandika nini, wapi, wakati gani. La pili, mirungi inakaaje mpaka hukumu itoke?

Mizani_Wazi:
Ndugu, hiyo hesabu yako haishangazi hata kidogo. Mmea mbichi wa bangi karibu robo tatu yake ni maji. Kilo 40 zikikauka vizuri unabaki na kilo 10 au 11. Swali la mahakama ni kama kuna mtu aliyeandika, siku ya kwanza, kwamba kilichopimwa kilikuwa kibichi. Kama hati ya ukamataji inasema tu "majani makavu yadhaniwayo kuwa bangi, kilo 40", na wapo wanaoandika hivyo kwa mazoea, basi neno moja "makavu" limewapa utetezi kilo 29 za kuulizia.

Namna ya kufanya: pima siku ya kwanza, andika hali yake (mbichi, ina unyevu, ina mashina na mizizi au la). Kausha kwenye chumba kinachofungwa, kikavu, kisicho na jua la moja kwa moja. Ikishakauka pima tena mbele ya mtuhumiwa na shahidi, andika uzito wa pili na tarehe. Uzito wote wawili ubaki kwenye faili, usifute ule wa kwanza.

Usifungie bangi mbichi kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya siku chache inapata joto, inaota ukungu, inaoza, na mbele ya hakimu unafungua tope jeusi ambalo aliyelikamata mwenyewe hawezi kulitambua. Tumia bahasha kubwa za khaki au gunia linalopitisha hewa. Mwanga na joto pia vinaila taratibu: THC (kemikali ya bangi inayolevya) inageuka kuwa CBN (kemikali nyingine yenye nguvu ndogo), kwa hiyo sampuli iliyokaa miaka kando ya dirisha haitatoa majibu sawa na ya mwanzo ikihitaji kupimwa upya.

Unga ni kinyume chake. Heroini inataka mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa, maana unyevu unaivunja taratibu kuwa kemikali nyingine, monoasetilimofini na mofini, na mfuko wenye tundu dogo unamwaga gramu. Kwenye unga gramu chache zinaweza kuamua dhamana au kifungo, kwa hiyo tofautisha uzito pamoja na vifungashio na uzito wa unga wenyewe. Zile pipi (vifurushi vya unga ambavyo wasafirishaji humeza) zina tabaka za nailoni, na ukizipima na nailoni zake umemwongezea mtu adhabu kwa uzito wa plastiki. Vifungashio navyo visitupwe, alama za vidole ziko humo.

Lakiri_Nyekundu:
Naongezea upande wa karatasi. Mahakama ya Rufani kwenye Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 ilieleza mnyororo kuwa ni kumbukumbu za maandishi zinazofuata mpangilio wa matukio: kukamata, kushika, kudhibiti, kuhamisha, kuchunguza na kukabidhi. Kila kitenzi hapo kinahitaji mstari wake.

Kwa vitendo: hati ya ukamataji inajazwa palepale, anasaini aliyekamata, mtuhumiwa na shahidi huru. Kielelezo kinawekewa lebo (fomu ya polisi PF 145), kinafungwa kwa lakiri (nta ya muhuri), kinaingizwa kwenye daftari la vielelezo (PF 16). Kikienda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kinatoka kwenye daftari na kinapokewa kule kwa namba ya maabara. Kikirudi, kinaingia upya.

Mstari mzuri wa makabidhiano unasomeka hivi: "14/3, saa 4:20 asubuhi, bahasha 1 ya khaki, alama A1, lakiri 3 nyekundu hazijavunjwa, kutoka kwa mtunza stoo kwenda kwa mpelelezi, kupelekwa maabara", halafu sahihi mbili. Mstari mbaya ni "kielelezo kimechukuliwa". Hauna saa, hauna aliyechukua, na hausemi lakiri zilikuwaje. Hali ya lakiri ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, na ndiyo pekee inayothibitisha kwamba njiani hakuna aliyefungua.

Karatasi ikikosekana si lazima kesi ianguke. Mahakama ya Rufani imeshasema (Rufaa ya Jinai Na. 485 ya 2015) kwamba ukali wa mnyororo unategemea aina ya kitu: kisichobadilika mikono kirahisi kinatazamwa kwa ulegevu kidogo, na ushahidi wa mdomo wa kila aliyekishika unaweza kuziba pengo. Lakini kete (vifurushi vidogo) za unga zinaingia mfukoni na kubadilishwa kwa sekunde. Msiegemee huo ulegevu kwenye kesi ya unga.

Kizimba_Na_Joho:
Nasema kutoka upande wa utetezi, na nasema kwa nia njema kwa sababu mtu asiye na hatia naye analindwa na daftari hilo hilo. Kwanza tunalinganisha rangi na idadi: hati inasema kete 42, taarifa ya Mkemia inasema 40. Hati inasema mfuko mweusi, shahidi anasema wa bluu. Pili tunatafuta usiku. Imekamatwa Ijumaa jioni, stoo imepokea Jumatatu, je, siku tatu ilikuwa droo ya nani na ufunguo alikuwa nao nani? Tatu, nyaraka ikishapokelewa mahakamani lazima isomwe kwa sauti. Taarifa ya Mkemia ambayo haikusomwa huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa, na hapo mashtaka wanabaki kutegemea maneno ya Mkemia kizimbani, kama aliitwa.

Jambo dogo: Toleo la Marekebisho la Sheria la 2023 limeanza kutumika Julai 2025 na namba za vifungu zimehama. Mkinukuu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (Na. 5 ya 2015) angalieni mnashika toleo gani.

Mwanagenzi_Jinai:
Asanteni sana. Hizo kete 40: Mkemia anatakiwa apime zote? Na mirungi bado.

Mizani_Wazi:
Zote zinahesabiwa na kupimwa uzito. Uchunguzi wa kikemia unaweza kufanywa kwa sampuli, sharti kete zifanane kwa rangi, ukubwa na namna zilivyofungwa. Zisizofanana zitengwe makundi, kila kundi lichukuliwe sampuli zake, na msichanganye unga wa kete mbili kabla ya kupima. Kanuni ya zamani ya Umoja wa Mataifa: chini ya 10 pima zote, 10 hadi 100 pima 10, zaidi ya hapo kipeuo cha pili cha idadi. Ni rahisi kukumbuka, ila udhaifu wake ni kwamba haikwambii una uhakika kiasi gani. Kwa hesabu ya uwezekano, kete 40 zinazofanana ukichagua 18 bila upendeleo na zote zikawa heroini, una uhakika wa 95% kwamba angalau 90% ya kete zote ni heroini. Kwa vifurushi 1000 zinatosha 28.

Kipimo cha rangi, kama kimiminika kiitwacho Marquis kugeuka zambarau kwa heroini, ni cha kuelekeza tu. Dawa nyingine za jamii ya opiamu nazo zinageuza rangi hivyo. Majibu ya kwenda mahakamani yatoke kwenye mashine, kromatografia ya gesi pamoja na spektrometa ya masi.

Mirungi ndiyo inayotaka haraka. Katinoni, kemikali inayochangamsha iliyomo kwenye majani mabichi, inageuka kuwa katini, ambayo nguvu yake ni ndogo, na siku mbili tatu baada ya kuchumwa sehemu kubwa imeshapotea. Sampuli ikaushwe au igandishwe siku hiyo hiyo. Bunda zikilala juma zima kwenye sakafu ya stoo, Mkemia atapata katini tu na itabidi aeleze kwa nini.

Lakiri_Nyekundu:
Kuhusu kuteketeza mirungi kabla ya hukumu: mnapeleka maombi kwa hakimu, na mtuhumiwa lazima awepo na asikilizwe. Rufaa ya Jinai Na. 385 ya 2017 ilihusu nyara za serikali (sehemu za wanyamapori), lakini kanuni ni ile ile kwa kielelezo chochote kinachooza: hati ya orodha iliyotengenezwa bila mtuhumiwa kufikishwa mbele ya hakimu na kupewa nafasi ya kusema haikuweza kutumika dhidi yake. Piga picha mbele yake, bunda zote zikiwa zimepangwa, lebo inasomeka, mizani inaonyesha namba. Bakiza sampuli.

Pwani_Sheria:
Kwetu Kenya miraa (hiyo mirungi yenu) ni zao halali, kwa hiyo bunda lililokamatwa mpakani Holili au Namanga lilikuwa biashara ya kawaida kilomita chache nyuma. Hati yenu ieleze limekamatiwa upande upi wa mpaka. Kuhusu dawa nyingine, kifungu cha 74A cha sheria yetu ya mihadarati kinataka uzani na uchukuaji sampuli vifanyike, inapowezekana, mbele ya mtu anayetarajiwa kushtakiwa, na mchunguzi wa maabara akiwepo. Mizani yenyewe ikague kabla hujaanza: stika ya ukaguzi wa vipimo iwe haijaisha muda, weka jiwe la uzito unaojulikana, andika ilichosoma, kisha bakuli tupu, rudisha sifuri, ndipo uweke unga.