"Dada, umelikalia": huyu bwana amenivunjia heshima, na leo amerudia kwa maandishi

Ndugu wanajukwaa, jina lake silitaji kwa kuwa nyote mnamfahamu, hasa mnaosaka makasha, yaani vile vikopo vyenye daftari la kusaini vinavyofichwa nje ili watu wavitafute kwa mshale wa simu, huku Surrey, Uingereza, ambako kofia yake hutangulia kufika kabla yake mwenyewe.

Jana nilikuwa Frensham Little Pond, lile bwawa lililotengenezwa karne ya 13 ili Askofu wa Winchester asikose samaki, na ambalo leo limezungukwa na hifadhi ya vichaka vifupi vya maua ya zambarau. Nilizunguka nikisaka kasha kwa dakika 90 kama mdai madeni, mshale wa simu ukinipeleka majini na kunirudisha, hadi nikachoka nikaketi kwenye kigogo. Yeye alikuwa hatua 10 tu kutoka hapo, akinywa chai yake ya chupa na kunitazama muda wote huo. Ndipo akatamka, mbele ya familia nzima iliyokuja kutazama bata: "Dada, umelikalia."

Dakika 90! Hata kukohoa alishindwa? Na leo nimefungua ukurasa wa kasha hilo, nikakuta ameandika kwamba alilipata upesi na kwamba lilikuwa bado lina joto. Joto!

Mzee wa Dira: Pole sana, dada. Simu chini ya misonobari hukosea mita kadhaa, hilo linaeleweka, ila kigogo kilicho peke yake kando ya njia hata bibi yangu angekiinua kwanza.

Mwenye uzi: Nimesema alikuwa anakunywa chai!

Kopo Tupu: Afadhali wewe ulilikalia likiwa zima. Mimi nilikuta daftari limelowa kama uji, kwa sababu kuna mtu hapa hufunga kifuniko kama anayefunika sufuria ya wali.

Mama Setilaiti: Na yule anayemwachia mbwa mwezi Mei, wakati ndege aina ya kirukanjia wametoka Afrika kuja kutaga chini kwenye vichaka hivyo hivyo? Ndege amevuka Sahara salama, anakuja kufukuzwa na mbwa wa mtu.

Kopo Tupu: Mbwa unayemsema ni wangu, na alikuwa amefungwa kamba.

Mama Setilaiti: Kamba ile ni ya kuanikia nguo.

Mwenye uzi: Naomba turudi kwenye kigogo.

Kopo Tupu: Ni ya mita 5, na picha ninazo.