Paka wangu katolewa jicho lililobaki, sasa haoni kabisa. Namhudumiaje?

Bint Makorora: Wakuu, habari za jioni. Nina paka dume, anaitwa Bosi. Jicho la kushoto liliharibika kwa mafua akiwa mtoto. La kulia nalo likapata presha, likavimba mpaka kope hazifungi. Daktari wa mifugo akasema limeshakufa, linamuumiza bure, bora litoke. Juzi limetolewa, kope zimeshonwa.

Sasa kajichimbia chini ya meza ya cherehani na ile kola ya plastiki shingoni. Akitembea anagonga, anarudi kinyumenyume. Chakula ananusa tu. Asubuhi pua imetoa majimaji yenye damudamu. Dokta hapokei simu, jirani anasema nimpe Panadol nusu. Nyumba ya kupanga, uani watoto kibao. Naombeni ushauri.

Kibao cha Mbuzi: Mimi jino linaniuma tangu Pasaka sijaenda hospitali, paka anafanyiwa opresheni. Tanga mna hela 😂

Bint Makorora: Nenda basi shemeji, jino halisubiri.

Mzee wa Josho: Binti, PANADOL USIMPE. Hata ya maji ya watoto. Ini la paka haliwezi kuivunja. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Nusu kidonge inaweza kumuua. Brufen na diclofenac vilevile weka mbali. Dawa ya maumivu ni ile aliyoandikiwa, kwa kipimo chake. Kama hakuandikiwa, kesho asubuhi nenda mwenyewe ukaidai, usingoje simu.

Hiyo damu ya puani isikutishe. Mfereji wa machozi unashukia puani, kwa hiyo siku za mwanzo majimaji ya kidonda hupitia huko. Ikichuruzika mfululizo, uvimbe ukizidi badala ya kupungua, au ukisikia harufu ya usaha, mrudishe siku hiyo hiyo. Spiriti usipake, na nyuzi usiziguse.

Mama Wawili: Kuhusu kula: paka hula kwa pua, na yake sasa imeziba. Chemsha dagaa wabichi au samaki bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwake), toa miba, mpe vuguvugu. Tumia sahani bapa, kwenye bakuli kola inagonga ukingo kabla mdomo haujafika. Ila akipitisha siku nzima bila kula, dokta aambiwe. Paka akishinda njaa ini linaharibika, hasa akiwa mnene.

Pweza wa Kigombo: Wangu ni kipofu mwaka wa nne huu na anapanda kabatini. Mpe chumba kimoja kwanza. Maji, chakula na choo visihame hata kidogo. Chooni ondoa mchanga kwa sasa, unaganda kidondani, chana magazeti. Kabla ya kumgusa mwite jina, vinginevyo atakuparura, na kosa si lake. Kugonga kwingine ni kola tu, inafunika masharubu na ndiyo macho yake sasa. Lakini usiivue kwa huruma! Wangu alivuliwa dakika mbili, akafumua nyuzi zote.

Bint Makorora: Asanteni mno. Nimempa samaki changu vuguvugu kwenye sahani ya chai, kalamba mchuzi wote, nyama kaacha. Kola ataivaa mpaka lini? Na uani ataweza kutoka tena?

Mzee wa Josho: Mchuzi ni mwanzo mzuri. Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na 14, kola inatoka baada ya hapo, dokta akiridhika. Uani akae na mtu, peke yake hapana, na getini asifike kabisa. Amehasiwa?

Bint Makorora: Bado.

Mzee wa Josho: Siku ya kutoa nyuzi mwombe dokta akupangie na hilo. Dume akisikia jike linalia atatoka tu, kipofu au si kipofu.