Treni za abiria zikipewa kampuni binafsi, abiria anapata nini?

Msafiri_Moro: Wakuu, hoja ya kubinafsisha treni za abiria imerudi. Wanaoitaka wanasema ushindani utashusha nauli. Wanaoikataa wanatukumbusha TRL, Kampuni ya Reli Tanzania iliyowahi kubinafsishwa. Mnaoijua mikataba hii, abiria anafaidika wapi hasa?

Taruma: Mkuu, TRL haikuwa na ushindani wa reli, mshindani wake alikuwa basi. Oktoba 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua hisa 51%, serikali 49%, mkataba wa miaka 25. Njia ya reli ilibaki mali ya RAHCO, kampuni ya serikali. Ukigawa hivyo, treni ikichelewa mwenye treni analaumu njia, mwenye njia analaumu vichwa.

Halafu piga hesabu ya kichwa kimoja cha treni. Kikivuta daraja la tatu, hakivuti mafuta wala makontena. Nauli ina kikomo, bei ya mzigo inajadiliwa. Vichwa vikipungua, ratiba ya abiria ndiyo inayokatwa kwanza. Mafuriko ya Kilosa–Gulwe yakasomba tuta la reli, safari zikasimama. Mkataba haukufika hata mwaka wa tano.

Behewa_la_Tatu: Ongeza mkataba wa 2006 wa RVR (Rift Valley Railways), kampuni binafsi iliyopewa reli: mzigo miaka 25 Kenya na Uganda, abiria miaka 5 tu, tena Kenya peke yake. Behewa linadumu miaka 30 na zaidi, nani atanunua jipya kwa mkataba wa miaka 5? Uingereza walikwepa hilo: mabehewa ni ya kampuni za kukodisha, mwendeshaji akiondoka yanabaki. Abiria waliongezeka kweli. Ila treni za London–Edinburgh zilirudi serikalini 2009, kisha tena 2018, maana waendeshaji waliahidi malipo makubwa kuliko mapato yao.

Msafiri_Moro: Kwa hiyo bora libaki shirika la umma?

Taruma: Nalo hupandisha nauli. Madaraka Express iko chini ya Kenya Railways, na Januari 2024 daraja la kawaida Nairobi–Mombasa lilitoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Ukiipata rasimu ya mkataba, ruka utangulizi, nenda kwenye viambatisho. Tafuta idadi ya treni kwa wiki, ruzuku inayolipwa kwa kilomita zilizotembewa (siyo kwa mwaka), vichwa vya akiba, na nani anajaza tuta likisombwa, ndani ya siku ngapi. Hicho cha mwisho kisipoandikwa, kila masika mtapanda basi.