Skana ya mkononi imeng'ang'ania chaneli ya hali ya hewa: nimekosea wapi kuipangilia?

Mkazi wa Dundalk:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Dundalk, kusini-mashariki mwa Baltimore, mahali ambapo meli zinazoingia bandarini huonekana kutoka dirisha la jikoni. Tangu usiku wa tarehe 26 Machi 2024, meli ya Dali ilipoligonga daraja la Francis Scott Key na kuliangusha, nimekuwa na hamu ya kuyasikiliza mazungumzo ya manahodha na marubani wa bandari. Mwezi uliopita nilinunua kwa mtu skana ya Uniden BC125AT iliyokwisha kutumika, redio ya kusikilizia tu inayopitia masafa mengi kwa zamu, nikaingiza masafa 37, moja baada ya jingine kwa vile vitufe vyake vidogo, kazi iliyonimalizia jioni mbili nzima.

Nina shida tatu. Nikianza kuskani, namba hukimbia kwa muda mfupi tu kisha skana inatua kwenye megahezi 162.400, ambako sauti ya mashine husoma utabiri wa hali ya hewa, na haibanduki hapo hata nikienda kuoga na kurudi. Shida ya pili ni mnara wa kuongozea ndege wa BWI, uwanja wa ndege wa Baltimore, 119.400, ambao unasikika kama mtu anayezungumza na uji mdomoni. Ya tatu inahusu ripita ya wapenda redio wenye leseni, yaani kituo kinachopokea mazungumzo yao na kuyarusha upya ili yafike mbali: ninamsikia mzee mmoja tu anayeishi mtaa wa pili, anasalimia, anacheka, anaaga, lakini wanaomjibu siwasikii kamwe. Je, skana ni mbovu, au mbovu ni mimi?

Babu Antena:

Skana yako ni nzima, mwanangu. Inafanya kile hasa ulichoiagiza.

Kuskani chaneli za kawaida maana yake ni kwamba kifaa husikiliza chaneli moja, kikikuta kimya husogea ya pili, na kikikuta mawimbi hutulia hapo mpaka mawimbi yakatike. Kituo cha hali ya hewa cha NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, hurusha matangazo usiku na mchana bila kunyamaza, kwa hiyo skana ikishafika hapo haina sababu ya kuondoka. Itoe kabisa 162.400 kwenye orodha yako, kwa kuwa BC125AT ina sehemu yake maalumu ya hali ya hewa yenye masafa yote saba, kuanzia 162.400 hadi 162.550, na utaifungua unapoihitaji. Angalia pia kama umeingiza ATIS ya uwanja wa ndege, ile inayorudia taarifa ya upepo na njia za kurukia, kwa sababu nayo haikomi na itakutega vilevile. Kama hutaki kuifuta chaneli, ibonyezee kitufe cha L/O, cha kuifungia isiskaniwe: ukibonyeza mara moja inarukwa mpaka utakapozima na kuwasha kifaa, na ukibonyeza mara mbili inarukwa moja kwa moja hadi uifungue mwenyewe.

Kuhusu mnara wa BWI, nadhani mwenye skana wa kwanza alibadilisha namna ya kupokea. Ndege huzungumza kwa AM, na bahari kwa FM. Skana mpya huachwa kwenye AUTO, ambayo huchagua AM yenyewe katika masafa ya ndege, lakini chaneli hiyo ikiwa imewekwa FM kwa mkono, utaupata huo uji unaousema. Fungua mipangilio ya chaneli hiyo na uirudishe AUTO.

Tena, usiyarundike masafa yote mahali pamoja. Una chaneli 500 zilizogawanywa katika benki kumi (si hizi za kutuwekea fedha), kila benki ikiwa na chaneli 50. Iweke bahari kuanzia chaneli ya 1, ndege kuanzia ya 51, na reli kuanzia ya 101. Ukiwa unaskani, kitufe cha 1 huwasha na kuzima benki ya kwanza, cha 2 benki ya pili, na kadhalika, hadi 0 ambayo ni benki ya kumi. Jioni meli zikiwa nyingi utaziacha ndege zipumzike.

Mwana wa Ripita:

Shikamoo Babu. Naomba nimalizie ile ya tatu, kwa sababu na mimi ilinisumbua miezi kadhaa nikinunua antena bila sababu.

Ripita hupokea kwenye masafa mamoja na kurusha kwenye mengine. Katika bendi ya mita 2 (megahezi 144 hadi 148) hapa Marekani tofauti ya kawaida ni kilohezi 600: tuseme ripita inarusha kwenye 147.030, basi wenye redio wanairushia kwenye 147.630. Orodha nyingi huandika masafa yote mawili mstari mmoja, na ndugu yetu ameingiza yale ya kuingilia. Huyo mzee wa mtaa wa pili anasikika kwa sababu redio yake inakufikia moja kwa moja, ilhali wenzake walio mbali wanaufikia mnara wa ripita tu, ambao uko mlimani au juu ya jengo refu. Ingiza masafa ambayo ripita inarusha, na wote watasikika kwa nguvu ileile. Kwenye UHF, yaani masafa ya juu zaidi, tofauti hiyo kwa kawaida ni megahezi 5.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Redio nyingi za kazi katika VHF na UHF zililazimishwa na FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, kubana upana wa chaneli hadi kilohezi 12.5 kufikia tarehe 1 Januari 2013, hivyo chaneli zao ziwekee NFM, yaani FM nyembamba, la sivyo sauti itakuwa ndogo na utaongeza volyumu mpaka chaneli inayofuata ikupasue masikio. Redio za bahari zenyewe zimebaki na FM pana.

Baharia Mstaafu, Mombasa:

Chaneli ya 16, yaani 156.800, ni ya wito na dharura duniani kote, hapo kwenu na hapa Kilindini. Ifanye iwe ya kipaumbele. Skana itaichungulia kila baada ya sekunde mbili hata ikiwa kwingine, na hapo ndipo utakapochoka na mkwaruzo wa kukatwakatwa maneno. Ipo hali iitwayo DND, ambayo huacha kuchungulia wakati mtu mwingine anazungumza. Mimi siitumii. Mtu akiita mayday, nataka nikatizwe.

Ongeza chaneli ya 13, 156.650, ambayo meli zenu huitumia kuelewana zinapopishana, na 22A, 157.100, kwa kuwa walinzi wa pwani wa Marekani hutangaza kwenye 16 kwamba wana habari, kisha huhamia huko kuisoma. Usivunjike moyo ukikuta ya 13 hafifu: huko kwenu meli kwa kawaida hutumia wati 1 tu hapo. Mwisho, chaneli za bahari ziwekee muda wa kusubiri wa sekunde mbili. Ukiuondoa, nahodha akinyamaza kuvuta pumzi skana itaruka, na jibu la rubani litakupita.

Mkazi wa Dundalk:

Shikamooni nyote. Nimerudi nikiwa na aibu kidogo. Chaneli ya BWI ilikuwa FM kweli, na baada ya kuirudisha AUTO nasikia hata karatasi zikipinduliwa. Ripita nayo imekubali; kumbe yule mzee huzungumza na watu sita kila asubuhi. Naomba kuuliza moja la mwisho: polisi na zimamoto wa Baltimore, niingize masafa yao katika benki ipi?

Babu Antena:

Marahaba. Hakuna benki itakayokusaidia hapo. Wamehamia mfumo wa dijitali wa trunki katika megahezi 800, ambako kompyuta huwagawia chaneli kila wanapozungumza, na BC125AT haipokei dijitali, haifuati trunki, na inaishia megahezi 512. Hiyo ni skana nyingine kabisa, na bei nyingine. Na ukiwa na safari ya New York, soma kwanza sheria ya jimbo hilo kuhusu kuwa na skana ndani ya gari, kabla hujaiweka kwenye kiti cha mbele.