Isaya 45:7, Mungu "anahuluku ubaya"? Naombeni ushauri kabla ya Jumapili

Nuru_Gizani (mleta uzi):
Habari za muda huu wakuu. Nimekwama na sina raha. Kikundi chetu cha kusoma Biblia, tuko watu 11, kimefika Isaya 45:7, pale Mungu anaposema anafanya suluhu na "kuhuluku ubaya", yaani kuumba ubaya. Kiongozi wetu ameshikilia kwamba maana ni hiyo hiyo iliyoandikwa: ubaya umeumbwa na Mungu. Mimi nasema ubaya ni wa Shetani, na Yakobo 1:13 inanisimamia, kwamba Mungu hamjaribu mtu kwa maovu. Jumapili zamu ya kufundisha ni yangu. Nani yuko sahihi, na nilifundisheje? Swali dogo la pembeni: Tito 3:10 inatumikaje siku hizi? Wajuzi msinipite.

Kamusi_ya_Kale:
Mkuu, anza na neno lenyewe. Kiebrania hapo ni *ra*, neno pana kuliko "dhambi". Yeremia 24:2 linatumika kwa tini zilizooza hata haziliki, na tini hazitendi dhambi. Yona 3:10 ndiyo nzuri zaidi kufundishia: watu wa Ninawi wanaacha njia yao mbaya, na Mungu anaghairi mabaya aliyosema atawatenda. Neno ni moja, mara mbili katika aya moja. La kwanza ni uovu wa watu, la pili ni maafa ya hukumu. Kwa hiyo usiulize "ra maana yake nini", uliza "ra hapa imepangwa na nini".

Katika Isaya 45:7 mpangilio ni jozi: nuru na giza, kisha *shalom* (amani, ndiyo hiyo suluhu) na *ra*. Kinyume cha shalom ni vita, njaa, maangamizi. Kama nabii angetaka kusema uovu wa moyo, ungetarajia jozi yake iwe haki. Hapo ndipo wengi wanapoegemea kutafsiri "maafa".

Ila usiende Jumapili na hoja hiyo peke yake, utaanguka. Gombo kubwa la Isaya lililopatikana kwenye mapango ya Bahari ya Chumvi mwaka 1947 halina shalom hapo, lina *tov*, yaani wema. Jozi inakuwa wema na ubaya, kama ule mti wa Mwanzo 2. Akilijua hilo kiongozi wako atakubana. Jibu ni kwamba tafsiri ya kale ya Kigiriki ina "amani", na tov nayo ni pana, inabeba heri na ustawi.

Shehe_Kalamu:
Ndugu zetu, mjadala huu na sisi tunao. Suratun Nisaa 4:78 inasema yote yanatoka kwa Mwenyezi Mungu. Aya inayofuata, 4:79, inasema jema latoka kwake na baya latoka nafsini mwako. Asomaye moja akaacha nyingine anatoka na dini nusu. Sababu ya aya ni watu waliokuwa wakipata heri wanasema ya Mungu, wakipata msiba wanamsingizia Mtume. Kwa hiyo 78 inajibu nani mwenye uwezo, 79 inajibu nani wa kulaumiwa. Na Suratul Falaq tunajikinga "na shari ya alivyoviumba". Shari imetajwa upande wa viumbe, lakini tegua kitendawili hicho polepole.

Jicho_la_Kando:
Mnamwaga elimu, hakuna aliyeuliza. Mleta uzi, Tito 3:10 ni aya ya kumkataa mtu mzushi. Imeingiaje kwenye Isaya? Anayeulizia shoka hakuja kuchuma maua. Sema yote.

Nuru_Gizani:
Nilisema ni swali la pembeni tu.

Jicho_la_Kando:
Sawa. Basi jibu la pembeni: haitumiki siku hizi. Lala salama.

Nuru_Gizani:
Haya. Kuna barua. Nimeiandika mimi, inaomba kiongozi aondolewe kwa sababu anafundisha uzushi. Imetiwa saini na watu 9. Itasomwa Jumapili baada ya somo. Lakini msinihukumu, mafundisho potofu huanza kidogo. Bwana mwenyewe kasema Mathayo 10:34 hakuja kuleta amani bali upanga. Kutengana wakati mwingine ni utiifu.

Magugu_Daima:
Nilijua tutafika shambani! Mathayo 13:24 hadi 30, mfano wa ngano na magugu. Gugu la mfano ule linafanana na ngano mpaka masuke yatoke, na mizizi yake inajifunga na ya ngano. Ndiyo sababu mwenye shamba hakusema "ng'oeni taratibu", alisema acheni vyote vikue, msije mkang'oa na ngano. Wavunaji ni malaika, aya ya 39, hata watumishi hawakukabidhiwa mundu.

Ila kuna kipengele watu wanakipiga chenga. Aya ya 38 inasema shamba ni *ulimwengu*. Haisemi kanisa. Wadonato, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga, waliikazia hiyo hiyo dhidi ya askofu Augustino, na mkutano wa Karthago mwaka 411 ulizozana juu yake. Wao: shamba ni ulimwengu, kanisa lazima liwe safi. Yeye: kanisa limeenea ulimwenguni, magugu yamo humo humo. Kwa sarufi Wadonato wana hoja. Kwa matokeo, walijikuta nao wakipasuka vipande vipande. Ningeweza kuandika ukurasa mzima...

Kamusi_ya_Kale:
Usiandike.

Mleta uzi, Mathayo 10:34 soma mpaka 36. Yesu anamnukuu Mika 7:6, mahali ambapo nabii *analia* kwamba nyumba imegeukana. Luka 12:52 ina hesabu: watu watano, watatu kwa wawili. Upanga huo unampata anayemfuata Yesu, unatoka kwa wanaompinga. Hakupewa mfuasi aushike. Ukiigeuza kuwa amri ya kutenga watu, umegeuza maelezo kuwa agizo. Kosa hilo ndilo linalozaa nusu ya mafarakano ya dini yoyote.

Sasa Tito 3:10. Neno ni *hairetikos*, mtu wa *hairesis*. Neno hilo Matendo 5:17 limetafsiriwa "madhehebu", ya Masadukayo. Wagalatia 5:20 limekuwa "uzushi", limekaa jirani na fitina na faraka. Asili yake ni kuchagua upande. Kwa Paulo mtu huyo ni anayekusanya kundi lake na kulitenga, zaidi ya kuwa na wazo potofu kichwani. Niambie sasa, kati yenu wawili nani amekusanya saini?

Nuru_Gizani:
Hiyo si haki mkuu. Mimi nalinda ukweli, yeye ndiye aliyeanza.

Mama_Mashauri:
Mwanangu, nikuulize moja tu. Tito inasema baada ya kumwonya mara ya kwanza na mara ya pili. Mlishamwonya mara ngapi?

Nuru_Gizani:
Anajua msimamo wetu.

Mama_Mashauri:
Sijauliza anajua nini. Mara ngapi?

Nuru_Gizani:
Bado mama. Tuliona angetumia nafasi hiyo kuwageuza watu.

Mama_Mashauri:
Basi barua yako haina miguu. Mathayo 18:15 hadi 17 ina ngazi tatu: wewe na yeye peke yenu, kisha mashahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Wewe umeruka mbili ukatua ya tatu. Na 1 Timotheo 5:19 inakataza hata kupokea mashtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Shahidi ni aliyesikia fundisho lenyewe. Aliyesimuliwa hana ushahidi.

Mpiga_Hesabu:
Samahani, hii chai, stori ya kutunga. Tena imepoa. Kikundi ni watu 11. Toa kiongozi, wabaki 10. Saini 9. Kwa hiyo karibu wote wanamkataa, halafu unaogopa "atawageuza watu", watu gani, huyo mmoja? Na mjadala wenyewe ulikuwa kati ya nani na nani? Huyu ni mwanafunzi anataka tumwandikie kazi ya darasani, kapamba na kisa. Wakuu mmeshamfanyia ukurasa mzima bure.

Shehe_Kalamu:
Hata ikiwa chai, aya ni za kweli.

Mchekeshaji_wa_Zamu:
Shehe kashaomba na kitafunwa.

Nuru_Gizani:
Si chai. Saini 4 ni za kikundi. Hizo 5 ni za ndugu zetu wa nje ambao nimewaeleza hali halisi. Nao wana haki ya kujali.

Mpiga_Hesabu:
Afadhali ingekuwa chai.

Jicho_la_Kando:
Na akiondolewa, anayeongoza nani?

Nuru_Gizani:
Watu wamenipendekeza, sijakubali rasmi.

Kamusi_ya_Kale:
Somo lako la Jumapili basi liwe hivi, kama bado unataka somo. Dakika kumi za kwanza soma 45:1 hadi 7 yote, maana anayeambiwa ni Koreshi, mfalme mgeni anayeitwa mpakwa mafuta. Mkazo wa aya ya 5 na 6 ni "hakuna mwingine". Aya ya 7 inafunga hoja hiyo: hakuna mungu wa pili wa giza. Kisha weka 2 Samweli 24:1 kando ya 1 Mambo ya Nyakati 21:1. Sensa ile ile ya Daudi: huku aliyemchochea ni Bwana, kule ni Shetani. Waache wabishane. Mwishoni Yakobo 1:13. Utaona kwamba kiongozi wako ana nusu na wewe una nusu.

Wayahudi waliikuta shida hiyo zamani. Sala yao ya asubuhi inachukua aya hii, ila "kuumba ubaya" inasomwa "kuumba vyote".

Nuru_Gizani:
Nashukuru. Nakala 11 za barua nimeshachapa lakini. Nikiondoa neno "mzushi" nikaweka "aliyepotoka", itakuwa sawa?

Mama_Mashauri:
Nenda kwake Jumamosi. Bila nakala.

Mgeni_Mpya:
Nimechelewa wakuu, sijasoma yote. Kwani giza liliumbwa, au ni kukosekana kwa nuru tu?

Magugu_Daima:
Aya inatumia kitenzi cha kuumba kwa giza na kwa ubaya, ila kwa nuru inatumia cha kufinyanga. Fungua uzi wako, nakuja.