Mama ana kliniki Muhimbili, dada ana mzigo Kariakoo: tulale Kisutu, Upanga, Kariakoo au Sinza?

BintiWaPuma

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Tunakuja Dar kutoka Singida mwezi wa nne, watu watatu: mimi, mama yangu na dada yangu mwenye duka la nguo. Mama umri umesogea, magoti yanamsumbua na anatembea kwa mkongojo. Ana kliniki ya mifupa Muhimbili siku ya Jumatano, na tumeambiwa tujiandae kurudi tena Alhamisi. Dada atashinda Kariakoo siku zote hizo. Tunaondoka Jumapili. Basi litatufikisha Dodoma, kisha tunapanda SGR, ile treni ya umeme.

Malazi nimetenga elfu sabini kwa usiku, kwa wote watatu. Nimezungukazunguka mtandaoni na kuuliza watu, nimepata hivi:

Kariakoo vyumba ni vingi na dada yuko mlangoni kwa shughuli zake, ila naogopa kelele. Kisutu nimesikia ni katikati ya kila kitu. Upanga ndiko hospitali iliko, lakini kila ninachokiona ni ghali. Sinza kuna loji nzuri za elfu thelathini hadi arobaini, zenye kiyoyozi na maegesho, kwa picha zinavutia kuliko zote.

Kuna na la mjomba. Anaishi Chanika, pembezoni mwa jiji, na ameshasema tufikie kwake. Mama anaona kulala hotelini wakati ndugu yupo ni kumvunjia heshima.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Nesi Mstaafu

Marahaba binti yangu. Kabla ya kuchagua mtaa soma vizuri barua ya rufaa. Muhimbili ziko mbili. Kuna ya Upanga, ambayo ndani ya uzio wake mna Taasisi ya Mifupa MOI na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Na kuna Muhimbili Mloganzila, ambayo iko Kibamba, mbele ya Mbezi ukifuata barabara ya Morogoro. Nimeona familia zimelala Upanga kwa gharama kubwa, asubuhi wanafika dirishani wanaambiwa mgonjwa wao yuko kwenye orodha ya Mloganzila. Kutoka pale hadi Kibamba ni safari nyingine kabisa, na kwa mzee wa magoti ni mateso.

Nijibu kwanza hilo.

BintiWaPuma

Asante sana mama. Nimeitoa barua sasa hivi, imeandikwa MOI.

Nesi Mstaafu

Basi ni Upanga. Sasa nakwambia kama ningemwambia mwanangu: Jumanne na Jumatano usiku mama alale mahali ambapo asubuhi hatatumia zaidi ya robo saa garini. Kliniki ni kuwahi. Unafika, unajiandikisha, unasubiri faili, unasubiri daktari, pengine unatumwa picha nyingine. Mgonjwa aliyeamka saa tisa usiku kuikimbia foleni anafika kwa daktari amechoka, goti limevimba kwa kukaa garini, na hata akiulizwa maumivu yanaanzia wapi anajibu ili mradi amalize.

Bebeni picha zote za eksirei alizopigwa huko Singida, hata za zamani, na kadi ya bima iwe mkononi, si kwenye begi lililobaki hotelini.

Mama Salha

Mwanangu, mimi naishi Sinza na napapenda. Kwa chumba kizuri kwa bei hiyo, mjini hupati kama huku. Maji yapo, chumba kipana, nje kuna chakula cha kila aina, na Mlimani City iko karibu mkitaka kumzungusha mama kidogo. Usafiri nao si mgumu, bajaji mpaka kituo cha Shekilango, mnapanda basi la mwendokasi mnashuka kituo cha Fire, kutoka Fire mpaka hospitali mnachukua bajaji tena. Mkichagua loji ya ndani ndani, mbali na baa, usiku mtalala vizuri. Ijumaa na Jumamosi muziki unakuwa mwingi, hilo nisikufiche.

Dere wa Alfajiri

Mama Salha shikamoo. Kwa mwezi mwingine ningekubali. Lakini dada anakuja mwezi wa nne, masika yenyewe.

Tuongee habari ya Jangwani. Mtu anayekaa Sinza, Ubungo, Manzese au Magomeni, akienda mjini kwa barabara ya Morogoro lazima avuke bonde la Msimbazi pale Jangwani. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi maji yako juu ya barabara, inafungwa, na mwendokasi haipiti. Magari yote yanageukia barabara ya Kawawa na ya Ali Hassan Mwinyi, na hapo hata mimi na gari langu siwezi kumwahidi abiria saa ya kufika. Unaweza kukaa kilomita chache tu kutoka hospitali na ukafika saa nne.

Hata siku ya jua, mwendokasi ya asubuhi ikitoka Kimara inafika Shekilango imejaa. Kijana anaingia kwa kusukumana. Mama mwenye mkongojo hawezi, na si haki kumweka kwenye hali hiyo.

Sinza ni nzuri kwa mtu aliyekuja kutembea. Kwa kliniki ya saa moja asubuhi mwezi wa nne, kaeni upande wa mjini, msiwe na Jangwani ya kuvuka.

Mama Salha

Marahaba baba. La masika umesema kweli. Mvua ikikaa, sisi wenyewe huwa tunashindwa kwenda makazini. Basi Sinza iwe ya safari nyingine.

Jumla na Rejareja

Niitetee Kariakoo maana mnaisema kwa kelele tu. Dada yako akinunua mzigo wa nguo, hesabu yake haiishii dukani. Kuna mpagazi, kuna kufunga robota, kuna kupeleka kwenye ofisi ya mabasi ya mizigo. Ukilala Kariakoo unapandisha mzigo chumbani kidogo kidogo, unarudi kuchagua kwa utulivu. Asubuhi mapema mitaa ya Msimbazi na Kongo bado inapitika, unaongea na muuzaji wa jumla kabla watu hawajajaa. Kuanzia saa nne kusogea tu ni kazi.

Ila kwa mama nakubali hapamfai. Gesti nyingi za bei yenu ni ghorofa ya tatu, ya nne, ngazi nyembamba, lifti hakuna au ipo imeandikwa mbovu. Na gari haliwezi kusogea mlangoni mchana kwa sababu ya bidhaa zilizopangwa chini. Mngegawanyika mkae tofauti, dada Kariakoo, wewe na mama kwingine. Bajeti ya elfu sabini inaweza kugawanyika hivyo.

Upepo wa Bahari

Kwa nini hakuna anayetaja Masaki na Oysterbay? Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, unatoka Coco Beach unavuka juu ya maji na kutokea upande wa Hospitali ya Aga Khan, na hapo Upanga umeshaingia. Bondeni hupiti, masika hayakuhusu. Mama atapata upepo, utulivu, hoteli zenye lifti na jenereta. Mzee anayeumwa anahitaji pia mahali pa kupumzisha roho. Jioni mnampeleka Coco anakula muhogo wa kuchoma anaangalia bahari.

Dere wa Alfajiri

Njia uliyosema ni kweli kabisa na naitumia kila siku. Lakini kwa elfu sabini, watu watatu, Masaki? Hicho chumba sikijui. Na dada kutoka Masaki kwenda na kurudi Kariakoo na mzigo, nauli peke yake itakula faida. Coco waende Jumamosi kwa gari, watarudi walale kwao.

Kona ya Libya

Nimekulia Kisutu, acha nieleze kwa kirefu maana naona inatajwa tu.

Kisutu iko kati ya shughuli zenu zote mbili. Barabara ya Bibi Titi ukiivuka upande mmoja unaingia Upanga, upande mwingine unakwenda Mnazi Mmoja, na baada ya hapo Kariakoo imeanza. Dada anaweza kwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa bajaji jioni akiwa na mzigo. Mama kwenda MOI asubuhi mapema ni safari fupi ya gari, na hampiti Jangwani. SGR yenyewe inashushia Stesheni, hapo hapo mjini, kwa hiyo siku ya kufika hamtateseka. Mngekuja na basi moja kwa moja mngeshukia Stendi ya Magufuli kule Mbezi, hapo hesabu ingekuwa nyingine.

Hoteli za mtaa wa Libya na Band, kama Jambo Inn na Safari Inn, ni za siku nyingi na zimezoea wageni wa namna yenu: wagonjwa wa kutoka mikoani, wafanyabiashara, watu wanaosubiri boti ya Zanzibar. Vyumba si vya kifahari. Vingine havina dirisha la maana, linafungukia ukutani kwenye nyumba ya jirani, kwa hiyo usilipe kabla hujakiona chumba chenyewe. Mkitaka jengo kubwa zaidi, Peacock iko Bibi Titi pale Mnazi Mmoja, ila bei ulizeni mapema, nadhani itazidi mfuko wenu. Wengine hupenda Luther House, Sokoine Drive, karibu na kanisa la Azania Front. Ni pazuri hasa kwa mtu wa boti, kwenu ni mbali kidogo na hospitali.

Chakula hakina shida. Kuku wa Mamboz jioni, chapati, mishkaki, supu ya asubuhi, vyote hatua chache. Ubaya wake nao niuseme. Maduka yakifungwa jioni mitaa inakuwa mitupu haraka. Baada ya saa mbili usiku msitembee na mkoba kwapani mkitafuta dawa, iteni gari hata kama ni mita mia tatu. Na Jumapili mjini kumelala, vitu vingi vimefungwa.

BintiWaPuma

Kaka Kona ya Libya, Mungu akubariki. Sasa ngazi je? Na Upanga yenyewe hakuna kabisa cha bei yetu?

Kona ya Libya

Upanga ni mtaa wa makazi, maghorofa ya familia. Hosteli na nyumba ndogo za wageni karibu na hospitali zipo, zinajaa ndugu wa wagonjwa, na mara nyingi hazionekani mtandaoni. Ukipata ni bora kuliko Kisutu kwa mama. Lakini kuzipata ni mpaka umtume mtu aende kwa miguu akaulize. Una mtu?

Kuhusu ngazi, usiandike ujumbe mtandaoni ukaridhika. Piga simu mapokezi uulize mambo matatu kwa maneno haya haya: chumba cha chini kipo tarehe hizo, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na umeme ukikatika lifti inafanya kazi? Hilo la choo watu hulisahau. Kwa mtu wa magoti ndilo la kwanza, kabla hata ya kiyoyozi.

Nesi Mstaafu

La choo umelisema vizuri sana, baba. Na kitanda kisiwe cha chini mno, atashindwa kunyanyuka.

Mama Salha

Na mjomba? Hamjamjibu la mjomba. Mwanangu, hilo ni zito kuliko mnavyolichukulia. Mama yako akilala hotelini siku tano na kaka yake yuko Chanika, watu watasema, na yeye mwenyewe moyo hautatulia.

Usimwambie mjomba kwamba kwake ni mbali, ataona mnapadharau. Mama mwenyewe ampigie kaka yake simu, amwambie daktari anataka awe karibu na hospitali siku ya Jumanne na Jumatano, na kwamba Alhamisi akitoka kliniki anakuja kwake na atakaa hadi siku ya safari. Mjomba mwenyewe atasema sawa. Akiweza aje Jumatano hospitalini awe naye, ataona ameshirikishwa ugonjwa wa dada yake tangu mwanzo. Na mnapokwenda msiende mikono mitupu. Ninyi ni watu wa Singida, chukueni mafuta ya alizeti na asali, huku Dar vinaheshimiwa sana.

Jumla na Rejareja

Mama amemaliza. Na kwa hesabu hiyo hoteli mnalipa usiku mbili tu, si tano. Hela iliyobaki inaongeza ubora wa chumba. Mnaweza hata kuchukua viwili, mama apate utulivu na dada afungue mzigo wake kwingine.

BintiWaPuma

Nimesoma yote na nimemsomea mama. Amecheka kwa la mafuta ya alizeti, amesema madumu mawili tayari yapo. Tumeamua hivi: Jumanne na Jumatano Kisutu, vyumba viwili, cha mama kiwe chini. Kesho napiga simu na yale maswali matatu. Alhamisi tukitoka MOI tunakwenda Chanika. Dada atafunga mzigo wake Alhamisi asubuhi na kuutuma, asiende nao kwa mjomba.

Sinza na Masaki nitakuja siku nyingine nikiwa mwenyewe.

Swali la mwisho: Jumapili kutoka Chanika turudi mpaka Stesheni mjini kupanda treni?

Dere wa Alfajiri

Si lazima. SGR ina stesheni Pugu, na Pugu ni upande huo huo wa Chanika. Lakini si kila treni inasimama pale, za haraka zinapita. Wakati wa kukata tiketi chagua Pugu kama kituo cha kupandia, na mfumo utakuonyesha treni zinazosimama. Ikiwa hakuna inayowafaa Jumapili hiyo, basi mjini, na mtoke Chanika mapema, kwa Jumapili asubuhi barabara huwa nyepesi.

Na Jumanne mkishuka Stesheni msikubali kuvutwa begi na mtu. Mama akae kwenye ukumbi wa abiria, wewe ita gari kwa simu, likifika ndipo mtoke.